Bukoba hadi Nakivale: Safari ya Kufundisha Mafundi wa Sola

Nimesharudi Bukoba. Daftari langu lina madoa ya tope la Isingiro, Uganda, lakini maandishi yanasomeka, na picha za kwenye simu zinasaidia pale kumbukumbu inapopwaya. Wenzangu wanaofundisha ufundi wa umeme wamekuwa wakiniuliza njia ilikuwaje, nauli ni kiasi gani, na vijana wa kule wanajua nini. Nawajibu wote hapa.

Nilialikwa na walimu wa kituo kimoja cha ufundi ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda. Wanafunzi wao wengi wametoka Kivu, Kongo. Kiswahili ndicho wanachokielewa hadi ndani, lakini vitabu vya sola walivyonavyo ni vya Kiingereza. Nikaombwa siku chache za vitendo, kwa Kiswahili, juu ya jambo ambalo nimelipigia kelele kwa miaka: kutafuta hitilafu. Vyuo vyetu, huku na huko, vinamfundisha kijana kufunga mfumo mpya kwa vifaa vipya. Akihitimu anakuta mapaa yamejaa paneli zilizofungwa zamani na watu walioshaondoka, taa haziwaki, na hakuna aliyemfundisha aanzie wapi.

Jumapili: Bukoba, Kyaka, Mutukula, Masaka

Tuliondoka stendi ya Bukoba alfajiri kwa Hiace. Hadi mpakani ni kilomita kama 80, lami yote, migomba pande zote. Kyaka tulivuka Mto Kagera. Mzee aliyekaa dirishani alinionyesha lilipokuwa daraja la zamani, lile lililolipuliwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, akasimulia jinsi familia yao ilivyokimbia na mbuzi wawili. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye nyaya za umeme mkubwa. Watu wa Kagera wanaelewa kwa nini: kwa miaka mingi taa zetu ziliwaka kwa umeme ulionunuliwa Uganda, ukishuka kutoka Masaka hadi Kyaka. Kulipokatika kule, huku tuliwasha mishumaa.

Mutukula ni kituo cha pamoja cha mpaka tangu 2017. Unayetoka Tanzania unapita moja kwa moja hadi jengo la upande wa Uganda, na maofisa wa nchi zote mbili wamo humo humo. Pasipoti iligongwa mihuri miwili kwa dakika chache. Forodhani ndipo nilipokaa. Sanduku langu lilikuwa na multimita na kleampu mita, yaani vipima umeme, koleo za kubana viunganishi vya paneli, na kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli hadi betri) kadhaa mbovu za kufundishia. Ofisa alizipanga mezani moja moja.

"Mama, hizi unaenda kuuza?"

"Hapana baba, naenda kufundishia. Nyingine hazifanyi kazi."

"Unabeba vitu vibovu kuvuka mpaka?"

Nikamweleza, naye akasikiliza kweli, kisha akaniuliza kuhusu betri ya nyumbani kwake Kyotera isiyokaa na chaji. Tukaagana vizuri.

Kwa atakayefuata njia hii na vifaa: andika orodha ya kila kitu pamoja na namba zake, igongwe muhuri wa chuo, na uwe na nakala mbili, moja ibaki forodhani. Wakati wa kurudi utaonyesha ile uliyobaki nayo. Usisahau kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Mtanzania abebe pasipoti au hati ya kusafiria. Mpango wa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa unaozihusu Uganda, Kenya na Rwanda haumhusu. Fedha badilisha kidogo tu mpakani, nyingine mjini.

Taksi ya Masaka, yaani daladala tunayoijua, ilikuwa 15,000 za Uganda, lakini haiondoki mpaka ijae. Mvua ikaanza. Mama mmoja muuza maandazi, hanijui simjui, aliliburuta sanduku langu chini ya turubai lake na kunipa kigoda. Nilipotaka kumlipa alikataa, akachukua tu bei ya maandazi mawili. Tulikaa pale karibu saa mbili.

Masaka tuliingia usiku, na mwezi ulikuwa Novemba. Kabla ya kuuona mji niliiona mbingu: nyeupe, inang'aa, moshi unapaa ndani ya mwanga. Ni mitego ya senene, panzi wanaoliwa. Juu ya mapaa na kwenye viwanja wanasimamisha mabati mapya yakiwa yameegemezwa wima, chini yake mapipa, na juu taa kali zenye wati nyingi. Senene anafuata mwanga, anagonga bati, anateleza hadi ndani ya pipa. Kijana mmoja mtegaji aliniambia gharama kubwa ya msimu kwake ni umeme, na usiku ukikatika hasara haisemeki. Nilinunua kikombe cha waliokaangwa, nikala nimesimama. Sisi Wahaya hatuna ugeni na chakula hicho. Chumba kilikuwa 40,000, maji ya moto kwa ndoo.

Jumatatu: Masaka, Lyantonde, Mbarara

Barabara nzuri, usingizi mwingi. Baada ya Lyantonde kondakta alituamsha tuone pundamilia wakila pamoja na ng'ombe wenye pembe ndefu, maana kule hifadhi ya Ziwa Mburo iko jirani na barabara kuu. Nauli 20,000.

Mbarara nilijisikia nyumbani kwa sababu ya lugha. Ukijua Kihaya, Kinyankole unakisikia nusu kwa nusu, na nusu inayobaki watu wanakumalizia kwa tabasamu. Wenyeji wangu walipanga nimwone mfugaji mmoja nje kidogo ya mji mwenye mtambo wa biogesi, kwa sababu aliyeufufua ni kijana aliyepita kwenye kituo chao.

Mtambo wenyewe ni kuba la matofali lililofukiwa ardhini. Kila asubuhi binti wa nyumba anachanganya kinyesi cha ng'ombe na maji kiasi kile kile, anamimina. Gesi inapanda, inapita kwenye bomba hadi jikoni, na uji mzito unaotoka upande wa pili unapelekwa kwenye migomba. Mtambo ulijengwa kwa msaada, ukafanya kazi, ukaacha. Moto ulikuwa unacheza cheza kisha unazima. Mama mwenye nyumba alirudi kwenye kuni, watu wakasema ng'ombe wake hawatoshi.

Ng'ombe walitosha. Gesi inatoka chini ikiwa na unyevu, unyevu unageuka maji ndani ya bomba, na bomba lilikuwa limelegea likafanya tumbo katikati. Maji yakakaa pale yakaziba njia. Kijana alinyoosha bomba, akaweka sehemu ya kutolea maji pale panaposhuka, akabadilisha vali moja. Kazi ya asubuhi moja. Mama alituchemshia maziwa kwenye jiko hilo hilo, akatupa na eshabwe, mchuzi mweupe wa samli, kwa matoke. Nilimuuliza alivyokuwa akiishi mtambo ulipokufa. Akasema, "Nilikuwa nauchukia. Kila siku naupita nikienda kutafuta kuni."

Sentensi hiyo niliiandika kwenye ukurasa wa peke yake. Kifaa kilichokufa kinawaambia watu kwamba nishati ya jua au ya gesi ni uongo wa wageni, na fundi anayekuja baadaye anaanza kazi akiwa tayari haaminiwi.

Jumanne: Mbarara hadi Nakivale

Taksi 10,000 kupitia Isingiro, kisha vumbi lililogeuka tope. Migomba ya Isingiro ni mashamba yasiyo na mwisho, na malori ya matoke yalikuwa yanakwama mbele yetu. Tulishuka mara mbili kusukuma. Abiria wote walishuka, hata mzee mwenye fimbo, ambaye kazi yake ilikuwa kutuhesabia ili tusukume pamoja.

Nakivale ilianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, na ni kati ya makazi makongwe zaidi barani Afrika. Usitegemee mahema. Ni vijiji, mashamba, makanisa, misikiti, maduka, na ziwa lenye viboko. Makao makuu wanayaita Base Camp. Humo utasikia Kisomali, Kinyarwanda, Kirundi na Kiamhari, na kinachowaunganisha wengi sokoni ni Kiswahili. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini, na hilo ndilo linalofanya mafunzo ya ufundi yawe na maana: mhitimu anaweza kufungua banda lake la kazi.

Mgeni haingii kufundisha au kupiga picha bila kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu. Wenyeji wangu walianza kukishughulikia mapema sana, na wewe fanya hivyo. Beba barua halisi, ya kwenye simu pekee haitoshi. Nililala katika nyumba ya wageni ya Mkongomani mmoja, 25,000 kwa usiku, chakula kando: fufu, sombe (kisamvu), na samaki wa ziwani. Mama mwenye nyumba aliniita "mama mwalimu" tangu dakika ya kwanza, akanipa sahani iliyojaa kupita kiasi kila siku.

Jumatano hadi Ijumaa: darasani, na juu ya bati la kanisa

Jioni ya kufika niliomba kila mwanafunzi aje na kitu kilichokufa. Asubuhi meza haikutosha. Taa za mkononi, kontrola zilizoungua, redio, paneli yenye kioo kilichopasuka, inveta (kigeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi) ambayo ndani mjusi alitaga mayai. Wanafunzi walikuwa kama thelathini, wasichana si wachache, mmoja na mtoto mgongoni. Walijua kanuni. Waliweza kunitajia volti mara ampia sawa na wati bila kusita. Nikampa mmoja multimita na kontrola bovu, nikasema niambie ina nini. Akaishika, akaiangalia, akaniangalia mimi.

Tukaanza pale. Utaratibu wangu ni mmoja: anza kwenye taa isiyowaka, rudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye jua, kama mtu anayefuata kijito kutafuta chemchemi. Taa, swichi, inveta, betri, kontrola, kebo, paneli. Katika kila kituo, macho kwanza, pua ya pili, mita ya tatu. Mkono wa mwisho. Na kila kipimo kiandikwe kwenye karatasi, kwa sababu fundi asiyeandika anapima kitu hicho hicho mara tatu na bado hawezi kubishana na mtu kwa ushahidi.

Mchana wa Jumatano tulichukua paneli tano zilizonunuliwa kwa nyakati tofauti tukazilaza juani. Hiki kipimo kinamfaa hata msomaji asiye fundi. Jua likiwa kichwani, pima volti za paneli isiyounganishwa na chochote. Kisha, kwa mita inayobeba ampia hizo, pima mkondo kwa kuzigusanisha ncha zake mbili kupitia mita hiyo. Zidisha namba hizo, kisha zidisha kwa 0.75, upate makadirio ya wati zake. Paneli moja ilikuwa imeandikwa wati 100. Ilitoa volti 21 na ampia 3. Hesabu ikatoka wati 47. Mwenye paneli, kijana mpole sana, alirudia vipimo mwenyewe mara mbili. Kisha akasema, "Basi betri yangu haikuwa na kosa." Alikuwa ameshanunua betri ya pili.

Alhamisi tulikwenda kanisani. Mchungaji alikuwa ameomba, na kwetu ilikuwa zawadi. Juu ya bati paneli nne za wati 250, chini chumba chenye betri nne za maji za volti 12, ampia-saa 200 kila moja, kontrola na inveta. Zimekaa kimya muda mrefu. Kila aliyepita pale alisema ni betri, nunueni nyingine, na waumini walikuwa wameanza kuchanga.

Kabla ya kugusa lolote niliwauliza: mnaanza kuzima wapi? Binti mmoja akajibu, "Mama mwalimu, jua halina swichi." Hapo hapo nikasimamisha kazi tukazungumza, maana jibu hilo linaokoa maisha. Umeme wa gridi unageuza mwelekeo, unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche ikitokea ina nafasi ya kuzimika. Umeme wa paneli haupiti sifuri kamwe. Ukichomoa kiunganishi mkondo ukiwa unapita, cheche inasimama hewani, inaendelea kuwaka, inayeyusha plastiki na kuchoma mkono. Kwa hiyo zima mzigo, zima kikata umeme kilichotengenezwa kwa umeme wa aina hiyo, na ukiwa na shaka funika paneli kwa blanketi zito. Waumini walituletea mablanketi matatu.

Paneli zilikuwa zimeungwa mbili mbili kwa mfululizo. Jozi ya kwanza ilisoma volti 72. Ya pili, yule binti alipiga kelele kutoka juu ya ngazi: "Iko sifuri!" Tukafuata kebo. Chini ya ukingo wa bati, mahali macho hayafiki kirahisi, kiunganishi kimoja kilikuwa cheusi, kimeyeyuka. Kilibanwa kwa koleo la kawaida badala ya koleo lake, na nusu yake ilikuwa ya kiwanda kingine. Vinaingiana, lakini havishikani sawasawa. Penye mguso dhaifu pana joto, joto linazidisha udhaifu, mwisho panaungua.

Na hilo ndilo lililoziua betri. Kwa muda mrefu zilichajiwa na nusu ya paneli huku kwaya, spika na taa vikiendelea kutumia kama kawaida. Betri ya aina hii, yenye bamba za risasi (ile metali, si ya bunduki), ikikaa na njaa ya chaji inaota utando mgumu wa salfeti kwenye bamba zake, haipokei tena. Juu ya hayo maji yalikuwa yamekauka hadi bamba zikaonekana. Tuliongeza maji ya betri, si ya bomba, miwani machoni na glavu mikononi, tukazichaji moja moja usiku kucha kutoka kituoni.

Ijumaa mvua ilinyesha hadi saa nne, ikawa nafasi ya hesabu. Baada ya mvua tukazipima kwa balbu ya taa ya mbele ya gari, wati 55, kazi ya bei ndogo kuliko kipimo chochote cha dukani. Unaunga balbu kwenye betri unaangalia volti. Mbili zilikaa juu ya 12 kwa nusu saa nzima. Mbili zilishuka chini ya 11 kabla hatujamaliza kuandika. Tukaunga zile mbili nzima, tukaondoa zilizokufa, tukaweka viunganishi vipya vinavyofanana. Taa zikawaka saa tisa alasiri, na nani hajui Wakongomani na kuimba.

Kazi ngumu ilikuwa bado: kumwambia mchungaji ukweli. Niliwaachia wanafunzi. Kijana aliyechaguliwa alieleza kwa heshima, daftari mkononi. "Papa, betri ziko mbili, tena ni za zamani. Balbu kumi na kinanda, saa nne za usiku, zinaweza. Spika kubwa mutumie mchana, jua likiwa. Na mukinunua betri mupya, mununue zote pamoja, musichanganye na hizi." Mchungaji aliuliza kwa nini zisichanganywe. Akajibiwa kwamba betri kuukuu inaivuta mpya chini hadi zilingane. Akakubali, akaagiza michango ikusanywe taratibu hadi itoshe zote. Nimefundisha miaka mingi, na sikumbuki mtihani ulionifurahisha kuliko mazungumzo hayo.

Jambo moja liliniuma. Koleo la kubana viunganishi lilikuwa moja tu, langu. Wanafunzi wanahitimu na cheti, hawana koleo wala mita, wanarudi kuuza mahindi. Kundi la wasichana wanne lilikuwa limeanza mchango wa kila wiki ili wanunue seti moja ya kushirikiana. Koleo nililiacha kwao, na kwenye ile nakala ya forodha nikaandika hivyo pamoja na sahihi ya kituo.

Jumamosi: soko, na betri zinakokwenda

Nilizunguka mabanda ya kuchaji simu. Mhitimu mmoja wa zamani ana paneli mbili na safu ndefu ya simu, kila moja na namba yake. Anasema kuchaji kunalipa kodi, lakini kinacholisha watoto ni kutengeneza taa za sola za watu: betri ndogo ya ndani imekufa, waya umekatika, swichi imeingia vumbi.

Jirani na hapo niliona mtu akipindua betri ya gari na kumwaga maji yake kwenye mtaro ili auze risasi. Watoto walikuwa wanacheza hatua chache kutoka hapo. Tindikali inachoma, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto inaharibu akili yake bila kupiga hodi. Nilizungumza na yule bwana, hakuwa mbaya, hakuwa ameambiwa. Jioni tuliongeza somo ambalo halikuwa kwenye ratiba: betri iliyokufa inabebwaje, inahifadhiwaje, na kwa nini haimwagwi.

Jumapili na Jumatatu: Mbarara, Kampala

Basi 30,000. Lilichelewa kuondoka, likaharibika kidogo njiani, likafika. Lukaya dirisha lilijaa mikono yenye nyama choma na gonja. Chukua gonja (ndizi za kuchoma) za moto, mimi nilizipata kwa 2,000. Kayabwe tulivuka mstari wa Ikweta, watalii wanapiga picha kwenye duara jeupe. Mimi nilifikiria mapaa: karibu na mstari huu paneli inaweza kulala karibu bapa, ila uiache na mwinamo wa digrii 10 hadi 15 ili mvua iioshe.

Kampala mwalimu mwenzangu alinipeleka maeneo ya Nakawa, kilipo chuo cha ufundi kilichoanzishwa 1971 kwa ushirikiano na Japani. Tulikula luwombo ya kuku, iliyopikwa ndani ya jani la mgomba, pembeni ya barabara, tukazungumza vyeti. Uganda kwa miaka mingi imekuwa na njia ninayoipenda: fundi aliyejifunza kazini, bila darasa, alipimwa na Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda akapewa hati inayoonyesha anachoweza kufanya kwa mikono yake. Sheria mpya ya mafunzo ya ufundi ya 2025 imeweka upimaji wa ufundi wa namna hii chini ya bodi moja. Mwenzangu ana matumaini, na nilimwomba kitu kimoja: mtahiniwa wa sola apewe mfumo mbovu, si boksi jipya. Aliandika.

Ushauri wa Kampala: bodaboda kubaliana bei kabla ya kupanda, na simu iwe mfukoni. Vifaa vya sola viko vingi katikati ya mji, lakini nenda na mita yako, na muuzaji akikukataza kupima, toka.

Jumanne: Jinja na kurudi

Jinja nilikwenda kwa 12,000 kwa ajili ya moyo wangu tu. Nilitaka kuona ulikokuwa unatoka mwanga wa utoto wangu. Bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lilifunguliwa 1954, na sasa ni la megawati 180. Mbele kidogo mtoni liko Bujagali, megawati 250, na kaskazini Karuma, megawati 600, lililozinduliwa rasmi 2024. Kamera weka mbali ukipita bwawani, askari wanalinda na hawana utani. Umeme wa mito Uganda inao mwingi. Vijiji vingi vya Nakivale bado vinasubiri nguzo, na wakati vinasubiri kuna paa la kanisa, zahanati na shule linalohitaji mtu mwenye mita.

Basi la Kampala hadi Bukoba ni safari ndefu ya kuchosha, nilipata kwa 60,000. Forodhani Mutukula waliangalia orodha, wakasoma maelezo ya koleo lililobaki, wakanipitisha.

Tangu wiki hii karakana yetu ina meza ya vitu vilivyokufa, na wanafunzi wa mwaka wa pili wameanza kuipunguza. Mwenye inveta isiyowaka, kontrola iliyoungua au paneli iliyopasuka hapa Bukoba, Misenyi au Muleba, asimuuzie mnunua chuma chakavu kabla hatujaiona. Atakayetaka kurudishiwa kikipona, aandike jina lake juu yake. Betri za maji zibebwe zikiwa wima, vifuniko vimefungwa, na anayezibeba aoshe mikono kabla ya kula.